Uso wa Meza ya Jikoni: Chagua Usionyonya Maji

Mwaka 2017 na 2018 Afrika Kusini ilikumbwa na mlipuko wa ugonjwa wa listeriosisi. Watu zaidi ya 1,000 waliugua, zaidi ya nusu yao katika jimbo la Gauteng, na zaidi ya 200 walifariki, wakiwemo watoto wachanga wengi. Chanzo kilikuwa poloni, nyama ya kusindika inayoliwa bila kupikwa. Bakteria wa ugonjwa huu huongezeka hata ndani ya jokofu. Majimaji ya nyama yakimwagika mezani, huhamia kwenye mkate na kachumbari.

Uchague uso gani?

Uso bora haunyonyi maji, hauna nyufa na huoshwa kwa urahisi.

• Chuma kisichoshika kutu: hudumu miaka mingi na hustahimili maji ya moto.
• Ubao wenye gamba la plastiki, kama Formica: ni wa bei nafuu, lakini maji yakipenya kwenye kingo au kando ya sinki, ubao huvimba na gamba hubanduka. Ziba kingo kwa silikoni.
• Vigae: ni imara, ila saruji iliyo kati yake hushika uchafu. Isuguliwe kwa brashi.
• Mbao tupu: hunyonya maji, haifai kuwekewa nyama mbichi.

Mpangaji asiyeweza kubadili meza na atumie vibao viwili vya plastiki: kimoja cha nyama mbichi, kingine cha vyakula visivyopikwa. Kibao kilichojaa mikato kitupwe.

Wenye tangi la samaki wa mapambo wasiweke ndoo wala wavu wake juu ya meza ya chakula. Maji yake huweza kubeba salmonela.

Usafishe vipi?

1. Osha kwa maji ya moto na sabuni, kisha suuza.
2. Changanya kijiko kimoja cha chai (mililita 5) cha Jik isiyo na manukato katika mililita 750 za maji. Pangusa, uache ukauke.
3. Usichanganye Jik na siki wala dawa nyingine. Hutoa gesi ya sumu.

Mjamzito akipata homa

Homa na maumivu ya misuli huonekana kama mafua, ilhali ugonjwa huu huweza kuharibu mimba. Nenda kliniki siku hiyohiyo. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka 6 wasio na bima hutibiwa bure katika vituo vya serikali. Aprili 2023, Mahakama Kuu ya Johannesburg ilithibitisha kwamba haki hiyo haitegemei uraia wala hati.