Mnada wa mtandaoni: ione pikipiki kwanza

Bonasi ya chai ikiingia, simu za wakulima wa Kericho na Bomet hujaa matangazo ya mnada: pikipiki, magari, hata ng'ombe wa maziwa, kwa bei ya kutupa. Kisha unadaiwa “pesa ya kushikilia” kabla hujaona chochote. Usitume. Dalali halali wa mnada ana leseni chini ya Sheria ya Madalali ya 1996, na hukuruhusu kukagua mali. Uliza yadi iko wapi, uende na fundi wako. Rekodi ya NTSA kwenye eCitizen itakuonyesha pikipiki ni ya nani.

Umeshatuma kwa M-Pesa? Peleka ujumbe wa malipo kwa 456 papo hapo. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni vigumu. Piga ripoti polisi, upewe nambari ya OB.