Afya, Tumaini na Mapatano: Miungu ya Warumi

Jumamosi iliyopita mmoja wenu aliniuliza kwa nini Warumi wa kale walikuwa na mungu wa Afya. Leo nawajibu nyote.

Warumi waliabudu miungu mingi. Baadhi yao jina lao lilikuwa jina la jambo jema lenyewe: Fides ni uaminifu, Spes ni tumaini, Concordia ni mapatano, Salus ni afya na usalama. Kwa Kilatini maneno haya yana jinsia ya kike, kwa hiyo wachongaji waliyatengenezea sanamu za wanawake.

Miungu hii ilitoka wapi? Mara nyingi ilitoka katika shida. Kiongozi aliweka nadhiri: tukiokoka, nitakujengea hekalu. Hekalu la Salus lilianza kwa nadhiri wakati wa vita na Wasamniti, likafunguliwa mwaka 302 KK. Hekalu la Spes ni la wakati wa vita vya kwanza na Karthago. Mimi ni muuguzi, na hili nalijua vizuri: mtu mzima haulizii afya, anayeiulizia ni mgonjwa.

Lakini jengo si tabia. Mwaka 121 KK konsuli Opimius aliongoza mauaji ya Gaius Gracchus na wafuasi wake wengi. Halafu akamjengea Concordia hekalu! Plutarch anasimulia kwamba usiku mtu aliandika pale kuwa hekalu hilo la mapatano limejengwa na fitina.

Sasa tugeukie Kiswahili. Sisi tunaunda majina ya tabia kwa U-:

mwaminifu – uaminifu
mvumilivu – uvumilivu
mkarimu – ukarimu

Na tabia au jambo jema tunalitia ndani ya jina la mtoto: Imani, Amani, Tumaini, Neema, Rehema. Hatuyaabudu majina haya, ila mara nyingi nayo yalitoka katika shida au shukrani.

Kazi ya nyumbani: Muulize mama, baba au bibi kwa nini ulipewa jina lako. Andika sentensi tano, na utumie maneno mawili yenye U-.

Wazazi, msiishie kumpa mtoto maana ya jina tu. Msimulieni siku ile nyumbani kulikuwaje, na mlikuwa mkiomba nini. Mkinyamaza ninyi, huku ugenini hakuna mwingine wa kumwambia.