Taa za Dashibodi Baada ya Matope: Mwongozo kwa Madereva wa Magari ya Kazi, Migori na Homa Bay

Mwongozo huu ni wa madereva na wasimamizi wa magari ya kazi, yawe yanabeba dawa, samaki, au wageni wa Mbuga ya Ruma. Unahusu taa zinazowaka baada ya gari kupita kwenye matope ya Bonde la Lambwe, nyanda za chini za Mto Kuja au njia za machimbo ya Macalder. Kanuni inayotangulia nyingine zote ni hii: sensa isinunuliwe kabla gari halijaoshwa na kukaguliwa.

Angalia rangi kwanza. Taa nyekundu ya oili au ya joto la injini ikiwaka, simama mahali salama na uzime injini. Taa ya manjano ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado zinashika, ila magurudumu yanaweza kujifunga ukizikanyaga ghafla. Punguza mwendo na uache nafasi kubwa mbele yako. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, usiendelee na safari. Gari livutwe.

Udongo mweusi wa Lambwe hunata, kisha hukauka na kuwa mgumu. Ukijaa nyuma ya rimu, huvuta waya wa sensa ya gurudumu hadi ukachomoka au kukatika. Nyatike, kwenye machimbo ya Macalder, kuna tatizo la ziada. Mchanga mweusi ambao wachimbaji huutenga na dhahabu kwa sumaku una chuma ndani yake, na sensa nyingi za gurudumu zina sumaku kwenye ncha. Chembe za chuma hujikusanya hapo, zikaziba pengo ambalo mara nyingi halizidi milimita 1 au 2, na kompyuta ya ABS hupokea ishara isiyoeleweka. Hapo sensa ni nzima kabisa, imechafuka tu.

Osha gari likishapoa, matope yakiwa bado mabichi, kwa mpira wa maji wa kawaida, nyuma ya rimu na chini ya madigadi. Mashine ya presha isielekezwe kwenye plagi za nyaya wala altaneta. Kuingiza gari ziwani au mtoni ili kulisafisha kuachwe kabisa: oili huishia kwenye maji wanayochota watu, na beringi yenye moto ikizama ghafla huvuta maji ndani. Kisha washa upya na uendeshe polepole kwenye barabara iliyonyooka. Kwa magari mengi, taa ya ABS hujizima kompyuta ikishapata ishara sahihi kutoka magurudumu yote.

Isipozimika, kodi za hitilafu zisomwe kupitia soketi iliyo chini ya usukani. Visomaji vya bei nafuu mara nyingi husoma injini tu na kuiacha ABS, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Kodi huonyesha pa kutafuta. C0035, kwa mfano, inahusu mzunguko wa sensa ya gurudumu la mbele kushoto: huenda jiwe limekata waya, plagi imeingia maji, au beringi imelegea. P0101 inahusu sensa ya hewa inayoingia kwenye injini. Baada ya safari ya vumbi, anza na kichujio cha hewa na mpira wake. Sensa hiyo isiguswe kwa kidole wala kitambaa, isafishwe kwa dawa yake maalumu.

Ikiwa beringi ilibadilishwa hivi karibuni, mwambie fundi. Beringi nyingi za kisasa zina upande wenye sumaku unaopaswa kuielekea sensa, na ikipachikwa kinyume ABS haifanyi kazi hata ukinunua sensa tatu. Kwa maoni yetu, hili huangaliwa mara chache mno.

Kodi ziandikwe kwenye kitabu cha gari kabla hazijafutwa, pamoja na tarehe na barabara iliyopitwa. Fundi anayezifuta na kukurudishia funguo bila kueleza alichokuta hajatengeneza kitu. Na sensa ikibidi inunuliwe, chukua namba iliyochapwa kwenye ile ya zamani, na usiitupe hadi gari lijaribiwe barabarani.