Mdai aje na ushahidi, si na rungu



Ndugu msomaji, likizo iliyopita nilikwenda nyumbani Sapiwi, wilayani Bariadi. Usiku mmoja, baada ya swala ya Isha, mjomba wangu alinitolea kopo kuukuu la maziwa ya unga. Nilidhani anahifadhi fedha humo. Alipolifungua nikaona vikaratasi vilivyofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Zilikuwa stakabadhi za kodi ya maendeleo za miaka ya 1990, ile ambayo wazee mpaka leo wanaiita kodi ya kichwa. Zimeandikwa mkoa wa Shinyanga, kwa kuwa mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012.

Nikamwambia: "Mjomba, kodi hii ilifutwa mwaka 2003. Unazitunza za nini?" Akanijibu: "Mpwa wangu, wewe hukuwahi kusimamishwa njiani."

Wasomaji wenye umri wa kutosha wanakumbuka. Katika wilaya nyingi nchini mgambo waliweka vizuizi barabarani na kwenye minada. Mwanamume asiyekuwa na stakabadhi mfukoni alikamatwa, hata kama kweli amelipa. Wapo waliokuwa wakilala porini msako unapopita. Mara nyingi tajiri wa ng'ombe na asiye na kuku walidaiwa kiwango kimoja.

Kodi ile ilifutwa, lakini namna ya kudai haikufutika yote. Desemba 2018 Rais John Magufuli alitoa vitambulisho kwa wafanyabiashara wadogo wenye mauzo yasiyozidi Sh. milioni 4 kwa mwaka, wavilipie Sh. 20,000 waachwe wafanye biashara zao. Tujiulize kwa nini ilibidi Rais mwenyewe aingilie kati ili muuza mboga asisumbuliwe.

Yaliyonikuta mimi

Miaka kadhaa iliyopita, pamoja na ualimu, nilikuwa na kibanda cha vitabu, kanzu na manukato katika mji mmoja ambao sitautaja. Asubuhi moja walifika vijana wanne, mmoja na daftari, watatu na marungu. Wakasema nadaiwa Sh. 216,000, ushuru wa kibanda wa miezi 18 kwa Sh. 12,000 kila mwezi.

Nikawaeleza kuwa kibanda kile nina miezi 10 tu tangu nikichukue. Hawakutaka kusikia. Wakaanza kupakia kanzu kwenye mkokoteni mbele ya wateja na wanafunzi wangu. Kijana mmoja alipofika kwenye rafu ya misahafu, nilitetemeka. Nikampa mwenye daftari Sh. 20,000 "ya chai". Wakashusha kanzu, wakaondoka.

Baada ya wiki mbili walirudi. Deni lilikuwa lile lile, Sh. 216,000. Ile "chai" haikuandikwa popote.

Uislamu unasemaje?

Katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa sahaba Hisham bin Hakim (Ra) alipita Sham akakuta wakulima wasiokuwa Waislamu wamesimamishwa juani, wamemiminiwa mafuta vichwani. Akauliza wana kosa gani. Akaambiwa wanaadhibiwa kwa sababu ya kodi ya ardhi. Hisham akashuhudia kuwa amemsikia Mtume (Saw) akisema Allah atawaadhibu wale wanaowaadhibu watu duniani. Kisha akaingia kwa amiri aliyekuwa akitawala Palestina, Umayr bin Sa'd, akamweleza hadithi hiyo. Amiri akaamuru watu wale waachiwe.

Tuzingatie mambo mawili. Hisham hakuuliza kwanza kama wale watu wanadaiwa kweli au la. Hata kama deni lilikuwa la haki, mateso hayakuwa njia ya kulidai. Pili, hakupigana na askari waliokuwa pale. Alikwenda kwa mwenye mamlaka akiwa na hoja.

Msingi mwingine umo katika hadithi ya 33 ya Arbaini Nawawi: ushahidi ni juu ya anayedai, na kiapo ni juu ya anayekana. Anayesema nadaiwa miezi 18 ndiye anayepaswa kuonyesha miezi hiyo imetoka wapi. Na katika Suratul Baqara aya ya 282 tumeamrishwa kuyaandika madeni. Kwa hiyo kopo la mjomba ni sehemu ya adabu ya dini, si woga wa kizee.

Hata hivyo, mdai naye ana haki yake. Mtu mmoja alimdai Mtume (Saw) ngamia kwa maneno makali. Masahaba walipotaka kumshughulikia, Mtume (Saw) aliwakataza, akawaambia kuwa mwenye haki ana la kusema, na akaagiza alipwe ngamia bora kuliko wake. Pia alifundisha kuwa mwenye uwezo anapochelewesha kulipa anafanya dhulma. Bukhari na Muslim wamezipokea zote mbili.

Hadithi hizi zilinisuta. Katika ile miezi 10 nilikuwa na stakabadhi sita tu. Miezi minne nilikuwa nadaiwa kweli, na uwezo wa kulipa nilikuwa nao. Nilikuwa nikipiga kelele kwa ile minane nisiyodaiwa ili nisiulizwe kuhusu hii minne. Juu ya hilo nikatoa rushwa, na Mtume (Saw) amemlaani mtoaji na mpokeaji. Nilikuwa nikifundisha hadithi hiyo darasani.

Ufanye nini wakija?

Safari ya pili nilimwita mwenyekiti wa mtaa awe shahidi, kisha nikaenda ofisini na stakabadhi zangu na mkataba wa kibanda. Nikaomba mchanganuo wa deni kwa maandishi. Ikaonekana miezi minane ilikuwa ya mpangaji aliyenitangulia. Deni langu likawa Sh. 48,000, nikalipa siku ile ile. Ile Sh. 20,000 sikuthubutu hata kuitaja.

Basi ndugu yangu, wakija kwako uliza jina, kitambulisho na sheria ndogo wanayoitumia. Katiba yetu, ibara ya 138, inasema kodi haitozwi ila kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge au utaratibu uliowekwa kisheria. Kuuliza hilo si ukaidi.

Usipigane wala usitukane. Ukirusha ngumi, kesi ya ushuru itageuka kuwa kesi ya kushambulia.

Usitoe fedha bila stakabadhi, na isome kabla hawajaondoka. Lipa sehemu usiyoibishia, na sehemu unayoibishia iandikie barua. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakichukua mali, dai orodha yenye saini zao na za mashahidi.

Jambo likifika mahakamani, usiikimbie samansi. Hata mahakama inapoamuru mali ya mdaiwa ikamatwe, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inakinga nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, matandiko na zana za fundi. Dalali anayebeba sufuria za mama mwenye nyumba aulizwe amepata wapi ruhusa hiyo.

Na nyinyi vijana mnaotumwa kukusanya, wengi ni watoto wetu na mnaswali nasi Ijumaa. Mtume (Saw) alipomtuma Muadh (Ra) Yemen kukusanya zaka, alimtahadharisha asichukue mali zao zilizo bora, na aogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani hakuna pazia baina yake na Allah. Muadh alikuwa akikusanya fungu lililofaradhishwa na Allah mwenyewe, na bado alionywa.

Napendekeza misikiti yetu itenge darsa moja kila baada ya miezi mitatu, aalikwe mwanasheria, waumini waje na karatasi zao. Mimi nimeshanunua kopo langu. Stakabadhi ya kwanza niliyotia ndani ni ile ya Sh. 48,000.

Wabillahi tawfiq.