Kasi ya Puli Mbili Zilizounganishwa kwa Mkanda

Swali: Kasi ya mashine ya kusaga nafaka inayoendeshwa na mota kwa mkanda hukokotolewaje?

Jibu: Kwa kuwa mkanda usioteleza husafiri kwa mwendo uleule juu ya puli zote mbili, kasi ya mzunguko, yaani idadi ya mizunguko kwa dakika, ikizidishwa kwa kipenyo cha puli hutoa jibu moja pande zote. Hivyo, mota ya mizunguko 1,440 yenye puli ya milimita 200, ikiendesha puli ya mashine yenye milimita 100, huizungusha mara 2,880 kwa dakika, ingawa nguvu ya kuzungusha inayoufikia mhimili wa mashine hupungua kwa nusu. Mkanda uliolegea huteleza na kupunguza kasi hiyo. Kwa hiyo, kasi ikipungua, mkanda ukazwe kwanza kabla ya puli kubadilishwa.