Dondoo muhimu: Kuchagua vitambaa vya shuka la viraka

Mafundi cherehani wa Sengerema hubaki na vipande vya vitenge kila wanapokata nguo. Waombe wakuwekee, kisha anza kuchambua kwa uzito kabla ya rangi. Kitenge ni kizito kuliko khanga. Ukiviunganisha, khanga huvutwa na kuchanika kwenye mshono. Ukiipenda sana khanga yako, itie bitana kwanza.

Je, ni pamba kweli? Choma uzi mmoja. Pamba hutoa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Polista huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Usivichanganye, kwa sababu pamba hurudi ikifuliwa na polista hairudi, na shuka litajikunja. Kwa hiyo fua kila kipande kabla ya kukata. Kipande chekundu na cha buluu iliyokolea viloweke mbali na vingine, pamoja na kitambaa cheupe: kikipata rangi, rudia.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kushona maua makubwa juu ya maua makubwa. Macho hukosa pa kutua! Weka ua kubwa moja, nakshi ndogondogo pembeni, na kitambaa kisicho na maua katikati yao. Kwa kitambaa hicho, mashati ya pamba ya mitumba kutoka soko la Mlango Mmoja, Mwanza, yanafaa sana. Tandaza vyote mkekani, rudi nyuma, fumba macho nusu. Kipande kinachoruka mbele peke yake kiondoe, au kirudie kwenye pembe tatu nyingine za shuka.

Kwa tabaka la ndani ya shuka, blanketi jepesi lililochakaa linatosha.