KWA NINI UNATESEKA?

Kijana mwenzangu, fikiri hivi: wavuvi wa Saadani wametoka usiku, asubuhi ngalawa moja haikurudi. Mama yuko ufukweni analia. Utamwambia nini? Mmoja atasema eti mwanawe karogwa. Mwingine, hiyo ni laana ya ukoo.

Swali la mateso lilimsumbua pia mtu mmoja wa Asia, miaka kama 2,500 iliyopita. Ni Siddhartha Gautama, ndiye Buddha, mzaliwa wa Lumbini, Nepal ya leo. Wafuasi wake husimulia kwamba alilelewa katika raha za kifalme. Siku moja akatoka nje, akaona mzee, akaona mgonjwa, akaona maiti. Raha zote zikamwishia utamu! Akaacha mke na mtoto, akaenda kutafuta jibu. Hata hapa Dar es Salaam Wabudha wana hekalu lao, lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka.

Jibu lake ni hili: maisha yana mateso, na mzizi wake ni tamaa. Ing'oe tamaa, mateso yatakwisha. Simdharau, kuna ukweli hapo. Si unajua mwenyewe? Ukipata baiskeli unataka pikipiki. Ukipata pikipiki, usingizi unapaa!

Lakini yule mama je? Wabudha nao hufundisha huruma, ila wanasema kung'ang'ania tunachokipenda ndiko kunakotuumiza. Mimi nasema machozi ya mama yule si ugonjwa wa kuponywa. Ni upendo.

Tena dini za India, ya Wahindu na ya Wabudha, hufundisha karma: mtu huzaliwa tena na tena, akivuna matendo ya maisha aliyoishi nyuma. Basi aliyezaliwa kipofu, kosa ni lake? Wanafunzi wa Yesu waliuliza karibu hivyo hivyo: nani alikosa, huyu au wazazi wake? Soma Yohana sura ya 9. Yesu alikataa yote mawili, akamfumbua macho.

Sasa fungua sura ya 11. Kaburini kwa Lazaro, Yesu alilia. Mwana wa Mungu analia, bwana! Hakumkemea Mariamu kwa machozi yake. Akamwita ndugu yake atoke kaburini. Baadaye akateswa yeye mwenyewe msalabani, akafa, siku ya tatu akafufuka.

Kama una jeraha ambalo hujamwambia mtu, sema naye hapo hapo ulipo:

“Bwana Yesu, wewe uliyelia, nitazame. Nisamehe dhambi zangu. Ingia moyoni mwangu leo. Amina.”